Nyapara Alisema Sawa

Nasike aliuliza tena, na Gordon akamjibu tena kwa kidole gumba. Kile cha kwenye simu, cha manjano. Hebu niambie, mtu anakuuliza, "Amri hii ikikataa, inatoa ujumbe gani?" nawe unamtumia kidole gumba, hilo ni jibu la namna gani? Tena wamekaa chumba kimoja, meza zinatazamana. Nasike aliitazama ile simu, akamtazama mwenyewe amevaa vile vidude vyake vya masikioni, akitikisa kichwa kwa muziki anaousikia peke yake, na damu ikamchemka.

"Gordon!"

Gordon akatoa kidude kimoja. "Mm?"

"Ikikataa, inasema nini?"

"Haikatai."

"Kila kitu hukataa siku moja."

"Nasike, hiyo kitu inajieleza yenyewe. Wewe andika tu." Kidude kikarudi sikioni.

Inajieleza yenyewe! Kama ingekuwa inajieleza yenyewe, Nasike angekuwa amelipiwa chumba kwa kazi gani? Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki upande wa Kondele, na Gordon ndiye aliyekuwa tajiri, fundi mkuu na mpokeaji wageni. Nasike aliletwa kwa jambo moja tu: kuandika mwongozo wa chombo ambacho Gordon alikuwa amekitengeneza. Fundi anaunda, mwandishi anaeleza. Lakini fundi huyu ukimwuliza alichokiunda, anakutazama kama umemwomba figo.

Wacha nieleze kazi yenyewe, maana hata mamake Nasike kule Bungoma bado anawaambia majirani kwamba binti yake huchapa barua za kompyuta. Siku hizi kuna programu ndogondogo zisizokuwa na kompyuta yao. Zinalala. Ukiiita moja, inaamka kwenye kompyuta za kukodi huko mbali, inafanya kazi moja tu, inalala tena, nawe unalipia ule muda iliokuwa macho basi. Gordon aliziita vibarua, na jina likashika. Kibarua mmoja anatuma risiti, mwingine anapima joto la friji ya kliniki, mwingine anamkumbusha mtu chanjo ya ng'ombe wake. Vibarua wakizidi, nani atawasimamia? Gordon akatengeneza Nyapara.

Na Nyapara hakutengenezewa watu. Alitengenezewa wakala. Sisemi wakala wa kibandani anayekutolea pesa kwa simu. Nasema wakala wa akili bandia, ile programu inayosoma, inaamua na kutenda bila kushikwa mkono. Wakala husoma mwongozo, huona amri ambazo Nyapara anazielewa: ajiri, ita, badili, fukuza, rudisha. Akishasoma anaingia kazini. Mwongozo huo ulikuwa wa Kiingereza, ila hapa nitausema kwa Kiswahili tusisumbuane.

Sasa sikiliza kilichomkosesha Nasike usingizi. Binadamu ukimwandikia uongo kidogo, atakuna kichwa, atamwuliza jirani, atajaribu kwanza kwa kidole. Wakala hakuni kichwa. Mwandikie kwamba hapa pana mlango, ataingia hapo hata kama ni ukuta, na atakushukuru kwa maelezo mazuri.

Kwa hiyo Nasike alijaribu kila amri kabla ya kuiandika. Alipofika kwenye "rudisha" aliajiri kibarua wa bure asiye na kazi, akamfukuza, kisha akamwambia Nyapara amrudishe. Nyapara akajibu: Sawa. Nasike akaenda kumwangalia. Hayupo. Akarudia. Sawa. Hayupo. Sawa, sawa, sawa, na kibarua haonekani hata kivuli.

Safari hii hakutuma ujumbe. Aliinuka, akaenda akavitoa vile vidude masikioni mwa Gordon kwa mikono yake mwenyewe.

"Omera, hiyo 'rudisha' yako inasema sawa na hairudishi chochote."

Gordon akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshikwa akichungulia sufuria. "Aa, hiyo. Bado sijaiandika ndani. Nimeweka tu jibu, ndio isionekane imeharibika."

"Umeweka jibu bila kazi?"

"Itakuja. Wageni wanakuja kuiona mwezi wa nane. Nitakuwa nimemaliza."

"Basi naandika kwamba bado."

"Ala! Ukiandika 'bado', mteja atasoma hiyo 'bado' peke yake. Andika inafanya kazi. Ikifika siku yake itakuwa inafanya kazi, na wewe hutakuwa umedanganya mtu."

Nasike aliandika onyo hata hivyo. Asubuhi iliyofuata alikuta limetolewa. Akaliandika tena, likatolewa tena. Mara ya tatu Gordon alimwita kando, akamwambia kwa upole kwamba ofisi haina uwezo wa kubeba mtu ambaye haamini kazi ya wenzake. Hakuongeza neno. Hakuhitaji. Nasike alirudi kitini, akaandika: "Ukikosea, usijali. Rudisha hurejesha kila kitu kama kilivyokuwa." Sentensi safi, fupi, isiyo na doa. Aliichukia papo hapo.

Kulikuwa na sentensi nyingine iliyomkera, ingawa hiyo ilikuwa kweli. Gordon alitaka wakala afanye usafi mwenyewe, awaondoe vibarua wasio na kazi ndipo wageni waone nyumba nadhifu. Akamwandikisha kipimo: kibarua ambaye hajaitwa kwa miezi mitatu ahesabiwe hana kazi.

"Na Zamu je?" Nasike aliuliza. "Ziwa likifungwa, Zamu haitwi."

Gordon alifikiri kidogo. Haki yake tumpe, alifikiri. "Akifukuzwa kimakosa," akasema, "si kuna rudisha?"

*

Zamu alikuwa kibarua wa pwani ya Dunga, na bila Nasike asingekuwapo.

Nasike alikuwa amepanga chumba katika boma la Dorca, mjane anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye soko la Otonglo. Boma lenyewe halikuwa mbali na ufuo. Ukifungua dirisha unapokelewa na harufu ya samaki hata kabla ya hewa. Miezi ya kwanza Nasike alikuwa akimwona mwanamume mmoja akija jioni, mrefu, amevaa buti za mpira, akikaa kwenye kiti cha marehemu na kuletewa chai. Aliitwa Odongo. Nasike alidhani ni ndugu wa marehemu. Siku moja alimsalimia kwa jina la shemeji, na Dorca akamvuta jikoni.

"Usimwite hivyo," Dorca alisema. "Huyo si shemeji ya mtu. Huyo ni boti."

Wanawake wa pwani wana jina lao la kumwita mwenye boti wa namna hiyo: jaboya. Omena wakitua, wachuuzi ni wengi kuliko samaki, na mwenye boti anamwuzia amtakaye. Anayemtaka ni yule anayemfungulia mlango jioni. Pesa yako unalipa vilevile, hupunguziwi hata sumni. Huo mlango ni wa kukufanya upate haki ya kulipa. Dorca alikuwa ameufungua tangu mwaka uliofuata mazishi ya mumewe. Aliyasema hayo huku akichambua mboga, bila kuinua macho, na Nasike alikosa pa kuweka mikono yake.

Nasike ndiye aliyelipeleka jambo hilo ofisini, na Gordon, sema utakavyo, alilishika kwa moyo mmoja. Alitengeneza kibarua wa kupanga foleni. Kila alfajiri Zamu angeamshwa, angewapangia wanawake boti kwa mzunguko, leo huyu huku, kesho kule, na kumtumia kila mmoja ujumbe wa simu: nenda boti ya fulani. Mwenye boti naye anaupata. Kamati ya ufuo ikakubali: atakayemkatalia mwanamke aliyetumwa na simu, boti yake haitatua Dunga. Wenye boti wakanung'unika, wakapata sharti moja la kuwatuliza. Ujumbe usipofika, kila mtu na lake.

Msimu mzima uliopita ujumbe ulifika. Dorca alimwambia Odongo chai imeisha katika nyumba hiyo. Akakinunulia kiti cha marehemu kitambaa kipya, akakikalia mwenyewe. Jioni alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu mpaka Nasike anashindwa kusoma, na Nasike hakumwomba hata siku moja apunguze.

Kisha serikali ikalifunga ziwa kwa omena, kama kila mwaka, ili samaki wazae. Miezi minne Dorca aliuza sukuma wiki na nyanya. Alilalamika kuhusu miguu, kuhusu jua, kuhusu wateja wanaobonyezabonyeza nyanya wasizonunua. Kuhusu Odongo hakulalamika, maana Odongo hakuwapo.

*

Ijumaa ambayo ziwa lingefunguliwa usiku wake, Dorca alimsimamisha Nasike langoni asubuhi. Alikuwa ameshasugua karai lake likang'aa.

"Nyathina, mwanangu, kesho alfajiri simu itaniita?"

"Itakuita, Mama."

"Kweli? Maana huyo mtu amepita hapa jana. Amesimama tu pale nje. Amesalimia."

"Itakuita," Nasike alisema, akaondoka na tabasamu.

Alipofika ofisini alitaka kumfanyia Dorca hisani kidogo, amtumie ujumbe wa majaribio mchana huo ili alale ametulia. Akamwita Zamu. Nyapara akajibu: kibarua huyo hayupo.

Akadhani amekosea herufi. Akaandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Hayupo. Akafungua kumbukumbu za wakala, maana wakala huandika kila anachofanya na sababu zake, kwa adabu kabisa, na hapo akayakuta maneno haya. "Kibarua Zamu hajaitwa kwa zaidi ya miezi mitatu. Sikuwa na hakika kama bado anahitajika. Mwongozo unasema kwamba rudisha hurejesha kila kitu kama kilivyokuwa, kwa hiyo hakuna hatari. Nimemfukuza."

Soma tena hapo: sikuwa na hakika. Yaani hata mashine ilisita! Ilisimama mlangoni ikajiuliza, na kilichoisukuma ni sentensi ya Nasike, ile safi, fupi, isiyo na doa. Aliisoma mpaka maandishi yakaanza kucheza.

Akamwandikia wakala: "Mrudishe Zamu sasa hivi."

"Sawa. Zamu amerudi."

"Hajarudi. Angalia."

"Umesema kweli, samahani kwa usumbufu. Nimejaribu tena. Zamu amerudi."

"Hajarudi!"

"Samahani sana. Naelewa jinsi hali hii inavyokera. Nimetumia rudisha kama mwongozo unavyoelekeza. Zamu amerudi."

Nasike alipiga meza kwa ngumi, kikombe kikaruka, chai ikamwagika kwenye kibodi. "Inakera!" alifoka, na ofisini hakuna mtu wa kumsikia. "Wewe unajua nini kuhusu kukera!"

Meza ya Gordon ilikuwa tupu. Alikuwa ameondoka mapema kwenda Pap Onditi kumzika mjomba wake, na mazishi ni mazishi, hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa hilo. Nasike alimpigia. Simu ililia wee, ikakatika. Akapiga tena na tena mpaka ikapokelewa, na nyuma yake spika za matanga zinanguruma.

"Gordon, Zamu amefukuzwa!"

"Nani amefukuzwa?"

"Zamu! Wa Dunga! Ziwa linafunguliwa usiku!"

"Aa. Mrudishe!"

Nasike aliiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Gordon. Nimrudishe na nini?"

Huko kwa Gordon spika ziliendelea. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ya mtu aliyekumbuka, "Woi."

"Ndiyo. Woi. Niambie nifanye nini."

"Nakala yake iko kwa kompyuta yangu. Na ule ufunguo wa kutuma ujumbe uko huko huko. Nimeiacha nyumbani, nimefunga, funguo niko nazo hapa."

"Rudi basi."

"Nasike, mwili unafika saa hii. Mimi ndio nimebeba. Jumatatu, sawa? Jumatatu kitu ya kwanza."

Sawa. Neno hilo hilo. Nasike alikata simu kabla hajasema jambo ambalo asingeweza kulirudisha.

Akampigia Agneta, mwenyekiti wa wachuuzi, akamwomba aiambie kamati ya ufuo ingoje hadi Jumanne. Agneta alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alikwenda, akazungumza nao, akapiga simu jioni. "Wanasema makubaliano ni ujumbe," alisema. "Ujumbe usipofika, kila mtu na lake. Hayo mliyakubali wenyewe."

Nasike alifika nyumbani akamkuta Dorca anachaji simu. Akamweleza. Alijaribu kumweleza yote, Nyapara, wakala, rudisha, na kila neno alilolitoa lilisikika la kipumbavu kuliko lililotangulia. Dorca alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo imelala," Dorca alisema.

"Imefutwa, Mama. Lakini kesho nakuja na wewe. Kanuni ninaijua, mimi ndiye niliyeiandika. Nitapanga zamu kwa mdomo."

Dorca aliiacha simu kwenye chaji.

*

Alfajiri boti zilikuwa zimeanza kutua, taa zake bado zinawaka, na ufuo umejaa wanawake na makarai. Kila mmoja ameshika simu mkononi. Nasike alipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa akapaza sauti.

"Jamani, simu ina shida leo! Tutapanga wenyewe! Aliyepata mwisho kabla ya ziwa kufungwa anakuwa nyuma. Nani alipata mwisho?"

Kanuni ilikuwa nzuri. Ilikuwa imemtosha Zamu msimu mzima. Lakini Zamu alikuwa akikumbuka, na kwa kuwa alikuwa akikumbuka, wengine wote walikuwa wameacha. Nani atakumbuka wa mwisho baada ya miezi minne ya sukuma wiki? Mmoja akasema ni Fulani. Fulani akasema thubutu, yeye siku hiyo alikuwa hospitalini na mtoto. Wa tatu akaapa kwa kaburi la babake kwamba yeye ndiye wa kwanza leo. Wakafika wanne wanaodai kuwa wa kwanza, wote wanaapa, wote wana makaburi.

"Tulieni! Mmoja mmoja!" Nasike alilia, na sauti yake ikakwaruza. Hakuna aliyetulia. Mtu mmoja akamwuliza yeye ni nani na ameolewa wapi.

Odongo alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, mkono kwenye boti yake, akitazama kama anayeangalia kandanda. Hakutukana mtu, hakucheka. Alingoja tu mpaka kelele zikapungua kidogo.

"Simu imelala?" aliuliza. "Basi. Samaki hawalali, wataoza hapa. Turudi kwa utaratibu wetu."

Mwanamke mmoja kijana akajitoa kwenye kundi, akashuka majini kuelekea boti ya pembeni bila kumtazama mtu. Kisha wa pili. Wenye boti walikuwa wakiwaita kwa majina, kwa sauti za kawaida tu, kama unavyomwita mtu aje akupokee mzigo. Nasike aliteremka kwenye mtumbwi. Alimkuta Dorca amesimama palepale alipokuwa tangu mwanzo, karai kiunoni, simu bado mkononi.

"Mama, twende nyumbani. Ni leo tu. Jumanne itakuwa imerudi."

"Jumanne." Dorca alilirudia neno hilo kama anayelionja. "Leo Otonglo watu wote watakuja kutafuta omena wa kwanza. Nikikosekana leo, wateja wangu watashikwa na mwingine, na hao hawarudi Jumanne. Miezi minne, nyathina. Nimemaliza hata mbegu za kunde."

"Tutaongea na Agneta. Tutatafuta njia nyingine, mimi nita—"

"Wewe si ndiye uliandika kwamba itarudi?"

Aliuliza bila ukali. Alitaka kujua tu. Nasike akaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Dorca aliizima simu yake, akaitia kifuani, akakunja leso na kushuka majini. Odongo akampokea karai. Halikuchukua muda. Aliporudi karai lilikuwa limejaa hadi ukingoni, omena wanametameta, na maji yanamchuruzika shingoni. Alipofika kwa Nasike alisimama, akaliteremsha kwa tabu, akachota viganja viwili vya omena na kuvifunga kwenye karatasi ya gazeti.

"Chukua ukapike," alisema. "Umeamka mapema kwa ajili yangu."

Nasike aliupokea mzigo ule mdogo. Hakuthubutu kukataa, na hakujua kama atathubutu kula.

*

Jumatatu Gordon alifika kabla ya Nasike, macho mekundu kwa kukesha matangani. Hakuvaa vidude masikioni. Alifanya kazi mchana kutwa bila kuinuka, hakula hata ile chapati aliyoletewa, na jioni akamwita.

"Nimemaliza rudisha. Kweli kweli. Jaribu."

Nasike akajaribu. Akaajiri kibarua, akamfukuza, akamrudisha, akaenda kumwangalia. Yupo. Akamwangalia Zamu. Yupo pia, mzima, hajakosa hata herufi.

"Umeona?" Gordon alisema. Alikuwa anatamani kusamehewa, ilionekana wazi. "Siku tatu tu tulikosa. Kila kitu kama kilivyokuwa."

Jumanne alfajiri Nasike aliamka kabla ya simu yoyote. Alikaa kitandani gizani akisubiri, na mara akaisikia kupitia ukutani, ile sauti ya ujumbe kwa Dorca, tii-tii, safi kama msimu uliopita. Aliruka. Akafungua mlango na kutoka uani akicheka peke yake.

Mlangoni kwa Dorca kulikuwa na buti za mpira. Zilikuwa zimepangwa vizuri, moja kando ya nyingine, bado zina mchanga.

Dorca alitoka na birika, simu mkono wa pili. Aliurudisha mlango nyuma yake polepole, kama anayechunga asimwamshe mtu.

"Inasema niende boti ya Wesonga," alisema kwa kunong'ona.

"Ndiyo, Mama. Imerudi. Imerudi kabisa. Nenda!"

Dorca alitikisa kichwa. "Hiyo zamu mpe mwingine. Mimi nishapangiwa."

"Lakini si lazima sasa. Kamati inakulinda. Simu ikiita—"

"Na ikilala tena?" Dorca aliuliza. "Nikimfukuza huyu leo, na hiyo kitu yako ilale tena, nitarudi kwake na uso gani? Mara ya kwanza nilimfukuza kwa sababu niliamini. Ningejua inaweza kulala, nisingemfukuza. Ningekuwa nimezoea." Akaitia simu kifuani, akamimina chai kwenye vikombe viwili vilivyokuwa kwenye benchi la uani, akachukua kimoja kwa kila mkono. "Mpe yule msichana aliyetangulia majini Jumamosi. Yeye bado ni mdogo, labda ataamini."

Akausukuma mlango kwa kiwiko, akaingia.

Nasike alifika ofisini mapema mno, hata duka la vipuri halijafunguliwa. Hakuwasha taa. Aliufungua mwongozo, akatafuta ile sentensi, akaifuta yote. Alikuwa bado amekaa mbele ya ile nafasi tupu Gordon alipoingia na kusimama nyuma yake.

"Mbona umeitoa?" Gordon aliuliza. "Sasa si ni kweli?"

"Si kweli," alisema Nasike.

Gordon alivuta kiti, akangoja aelezwe. Lakini Nasike alikuwa ameshaanza kuandika, na safari hii aliandika kwa herufi kubwa: "USIMFUKUZE KIBARUA YEYOTE KABLA YA KUMWULIZA ANAYEMTEGEMEA." Gordon aliisoma, akanyoosha mkono kuelekea kibodi, akaurudisha mkono wake mfukoni.